Mwana wa Mhunzi: Uanagenzi na Walimu wa Ufundi katika Njia ya Tabora

Kila tunapokutana sisi tuliosoma Tabora, haupiti muda mrefu kabla hatujaanza kuhesabu wakubwa. Atatajwa Mwalimu Julius Nyerere, aliyeingia shuleni hapa mwaka 1937 na baadaye kwenda Makerere. Atatajwa Mzee Rashidi Kawawa. Watatajwa mawaziri, majaji, mabalozi na makatibu wakuu, na kila mmoja wetu atajiona ameongezeka kimo kidogo kwa kuwa amepita katika madarasa waliyopita wao. Hesabu hiyo ni halali. Walakini ipo hesabu nyingine ambayo bado hatujaifanya: ni akina nani walioziinua kuta tulizosomea ndani yake, walijifunza wapi kuzisimamisha wima, na nani aliyewafundisha?

Nauliza hivyo kwa sababu mambo mawili yanatukabili kwa pamoja. La kwanza ni reli. Mikataba ya reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, kutoka Tabora hadi Isaka, na kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ilitiwa saini kati ya Desemba 2021 na Desemba 2022. Kwa mara ya pili katika muda wa karne moja na kidogo, kazi kubwa ya ujenzi inapita katika ardhi ya Unyamwezi. La pili ni elimu ya amali, ambayo tangu mwaka 2024 imeanza kuingizwa katika sekondari zetu, ili kijana amalize masomo akiwa na ufundi mkononi. Yote mawili yanadai mtu mmoja ambaye hupatikana kwa shida: mwalimu wa ufundi anayeijua kazi. Hapana budi tuitazame historia ya njia yetu hii, tuone mtu huyo alipatikana lini na alipotea vipi.

Ufundi katika njia ya misafara

Wahenga walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Methali hii ni sheria nzima ya uanagenzi kwa maneno machache. Mtoto wa mhunzi hakupewa nyundo siku ya kwanza. Alikalishwa penye mvukuto apulize moto, na huku akipuliza alijifunza rangi ya chuma kilichoiva, akalizoea pigo la nyundo kwa masikio kabla ya kulijua kwa mkono. Wahunzi wa Usumbwa walifanya kazi namna hiyo, na majembe yao yaliuzwa Tabora, yakatumika hata kama fedha na kama mahari. Hapakuwa na cheti. Cheti kilikuwa jembe lenyewe, nalo lilijieleza shambani.

Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857, walikuta mji wa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wakiishi katika matembe makubwa. Tembe, kwa vijana ambao hawajapata kuliona, ni nyumba ya miti na udongo yenye paa bapa la udongo. Tembe la Kwihara, ambalo Livingstone alikaa mwaka 1872, linaonyeshwa kwa wageni mpaka leo. Katika nyumba za namna ile mikono miwili ilikutana: kuta na paa ni ujuzi wa bara, na milango ya kuchonga ni ujuzi wa pwani. Ufundi ulisafiri kwa njia ile ile iliyopitisha nguo, pembe na chumvi. Njia hiyo ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo, na kwa hiyo hatuna ruhusa ya kuisifu bila kukumbuka hayo.

Hata upagazi wenyewe ulikuwa kazi ya kujifunza. Stanley mwaka 1871 alitumia siku 84 kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, na msafara ulioongozwa vibaya ungetumia zaidi. Kijana wa Kinyamwezi alianza na mzigo mwepesi nyuma ya ndugu zake. Baada ya safari kadhaa alijua visima, alijua hongo ya kila mtemi, alijua mahali pa kulala na mahali pa kupita upesi. Kirangozi aliyetangulia mbele na bendera alikuwa mtu aliyekwisha kubeba. Hapakuwa na aliyefanywa kirangozi kwa kusimuliwa njia.

Mabruda, reli na kalamu

Mapadri wa Roho Mtakatifu walijenga misioni yao Bagamoyo mwaka 1868, wakafungua karakana ambamo watoto waliokombolewa utumwani walifundishwa useremala, uhunzi na uashi. Miaka kumi baadaye, mwaka 1878, Mapadri Weupe walipita njia hiyo hiyo hadi Tabora. Pamoja na mapadri walikuwapo mabruda, na hao ndio wanaotuhusu katika habari hii. Bruda alikuwa fundi na mwalimu ndani ya mtu mmoja. Aliwafundisha vijana kuchoma tofali kwa sababu alihitaji tofali, na kanisa lililokuwa likipanda ndilo lililokuwa darasa lake. Mwanafunzi aliyepotosha mstari aliubomoa na kuujenga upya, kwa kuwa ukuta ule ulikuwa wa kubeba paa la kweli.

Kisha ikaja reli. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kampuni ya Kijerumani ya Philipp Holzmann, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ilifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara, na siku ilipofika Tabora biashara ya upagazi kati ya mji huu na pwani ilikufa. Wanyamwezi wengi walioipoteza kazi hiyo walikuwa tayari wameajiriwa kwenye tuta la reli. Walichimba, wakabeba, wakashindilia kokoto. Madaraka ya kusimamia, kupima na kuamua yalikaa kwa Wazungu, na kazi nyingi za ustadi zikapewa mafundi kutoka Asia na Ulaya. Kazi kubwa kuliko zote zilizopata kuonekana nchini ilipita katika uwanja wetu, ikaacha mji wa stesheni na watu wanaojua kutumia sururu.

Waingereza walipoichukua nchi, Tume ya Phelps-Stokes ilitembelea Afrika Mashariki mwaka 1924 ikashauri elimu ifungamane na maisha na kazi za mikono. Lakini shule yetu, iliyozaliwa katika miaka hiyo ya 1920, ilikusudiwa kwanza kuwalea watoto wa machifu na watumishi wa utawala. Ilifanya kazi hiyo kwa ufasaha mkubwa. Mzee Kawawa alipotoka Tabora aliingia katika Idara ya Kazi za Umma, idara yenyewe ya majengo na barabara, na kazi aliyopewa humo ilikuwa ya ukarani. Yeye baadaye aliwaongoza wafanyakazi wa nchi nzima, na hilo ni sifa yake. Lakini mgawanyo ule ulitulea sisi sote: kalamu ndani ya ofisi, mwiko nje kwenye jua.

Miaka mitatu na miwili

Tanganyika ilipata Sheria ya Uanagenzi mwaka 1940. Mwaka 1951 ilifunguliwa Shule ya Ufundi ya Ifunda, mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipoland wakati wa vita, na mwaka 1957 ikafuata ya Moshi. Vijana walifundishwa uashi, useremala, upakaji rangi, ufundi bomba na kadhalika. Jambo la kuangaliwa ni mpango wa mafunzo yenyewe. Kijana alikaa shuleni miaka mitatu, kisha akapelekwa kwa mwajiri aliyekubaliwa akafanya kazi miaka miwili kama mwanagenzi. Ndipo alipohesabiwa kuwa fundi kamili.

Mpango huo ulikuwa na kasoro za wakati wake. Nafasi zilikuwa chache, na mishahara ilipangwa kwa rangi ya ngozi. Lakini ndani yake mlikuwa na ukweli ambao mhunzi wa Usumbwa angeutambua mara moja: shule peke yake haimalizi fundi. Kwa kuwa waajiri walimpokea kijana kila mwaka, habari zilirudi shuleni pia. Mwajiri aliyeletewa seremala asiyejua kusoma mchoro alilalamika, na mwalimu akajua pa kurekebisha.

Katikati ya miaka ya 1960 Ifunda na Moshi ziligeuzwa kuwa sekondari za ufundi. Sababu ilieleweka. Taifa changa lilihitaji mafundi sanifu na wahandisi, nao wangepatikana kwa vijana waliosoma hesabu na fizikia. Hata hivyo ile miaka miwili ya kazini ilianguka njiani. Kijana wa sekondari ya ufundi alifanya mtihani kama mwenziwe wa sekondari nyingine, na aliyefaulu alikwenda kidato cha tano au chuo. Tabora, mji wa reli na wa shule, haikuwa miongoni mwa sekondari hizo za kwanza za ufundi. Iliyokuwa jirani nasi ilikuwa Bwiru, kule Mwanza.

Majengo yaliyokosa walimu

Baada ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 na Azimio la Musoma la mwaka 1974, vilianzishwa vituo vya ufundi vya baada ya elimu ya msingi. Nia ilikuwa njema na wazi: mtoto amalizaye darasa la saba asirudi nyumbani mikono mitupu. Wananchi walijitolea, vyumba vikajengwa, benchi za useremala zikaletwa. Kilichopungua ni vifaa vya kila siku na, zaidi ya vyote, walimu. Mahali pengi mwalimu alikuwa fundi wa kijijini asiyepata kufundishwa namna ya kufundisha, au mwalimu wa darasani asiyepata kuishi kwa ufundi. Msumeno ulipokatika meno na mbao zilipokwisha, kituo kilibaki ghala. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975, kama vile vya Sikonge na Urambo mkoani kwetu, vilistahimili zaidi kwa kuwa vilikuwa na bweni, shamba na walimu wa kudumu.

Mwaka huo huo wa 1974 ilitungwa Sheria ya Mafunzo ya Ufundi, nayo ilirudia fikra ya zamani: kijana apate msingi chuoni, kisha aendelee kazini huku akipanda madaraja kwa majaribio ya ufundi, la tatu, la pili, hata la kwanza. Wengi wetu tunawakumbuka wazee waliojitambulisha kwa fahari, "mimi ni fundi daraja la kwanza". Mfumo huo uliegemea waajiri wakubwa: Serikali yenyewe, shirika la reli, mashirika ya umma ya ujenzi na viwanda. Ndio waliokuwa na msimamizi wa kumfundisha kijana na uvumilivu wa kumlipa kabla hajaiva. Uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1980, na mashirika yalipobinafsishwa katika miaka ya 1990, waliobaki katika ujenzi walikuwa zaidi ni makandarasi wadogo wanaoishi kwa kazi moja baada ya nyingine. Mlango ambao mwanagenzi aliutumia ulifungwa, na hakuna aliyepiga mbiu kutangaza kwamba umefungwa.

Sheria Namba 1 ya mwaka 1994 iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, na ikaweka tozo kwa waajiri ili mafunzo yapate fedha za kudumu. Leo VETA ina chuo mjini Tabora, na kule Morogoro kipo chuo chake cha kuandaa walimu wa ufundi stadi. Umewekwa pia utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambao fundi aliyejifunzia mtaani hupimwa akiwa kazini na kupewa cheti bila kulazimika kuanza upya darasani. Haya ni maendeleo ya kweli. Lakini majengo yaliongezeka upesi kuliko walimu, nao mwongozo wa taifa wa uanagenzi ukapatikana mwaka 2017, zaidi ya miaka ishirini baada ya sheria yenyewe.

Mwalimu na saidia fundi

Tuwatazame sasa watu wawili ambao kila mmoja wetu anawafahamu. Wa kwanza ni saidia fundi. Yeye ni mwanagenzi asiye na karatasi. Anapanga tofali, anakoroga zege kwa karai, anafunga nondo, na baada ya miaka mitano anaitwa fundi. Mikono yake ni mizuri. Lakini hakuna aliyepata kumwambia kwamba maji yakizidi katika zege nguvu yake hupungua, wala kwamba zege lililomwagwa asubuhi katika jua la Tabora lataka kufunikwa na kumwagiliwa maji kwa siku saba. Alimwona bwana wake akiongeza maji ili zege liteleze, naye anaongeza. Makosa hurithiwa sawasawa na ujuzi.

Wa pili ni mwalimu kijana wa ufundi. Anaujua uwiano wa moja kwa mbili kwa nne, anaweza kuchora mkato wa msingi ubaoni bila kutazama kitabu. Lakini alitoka sekondari akaingia chuo, akatoka chuoni akaingia darasani. Hajapata kusimama juu ya jukwaa la miti saa nane mchana akiamua kama lenta iliyopinda ibomolewe au iachwe, huku mwenye nyumba akisubiri chini. Wanafunzi humjua upesi mwalimu wa namna hiyo, na wakishamjua hawamwogopi wala hawamwamini.

Kila mmoja kati ya hao wawili anacho kile alichokosa mwenziwe. Bruda wa zamani alikuwa na vyote, na mwalimu wa Ifunda alikaribia kuwa navyo kwa sababu waajiri walimrudishia habari. Historia yote niliyoieleza inafikia hapa. Ufundi ulistawi katika njia hii kila mara ambapo anayefundisha na anayejenga walikuwa mtu mmoja au walikutana kila siku. Ulidhoofika kila mara walipotengwa, hata kama shule zilikuwa mpya na nia ilikuwa njema.

Yatupasayo sisi

Wenzangu mtasema, haya ni ya wizara. Kwa sehemu ni kweli. Lakini hebu tujiulize kazi za ujenzi za leo ziko mikononi mwa nani. Mwaka 2021 na 2022 nchi yetu ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19, mengi kwa mtindo ambao halmashauri hununua vifaa na kupatana na mafundi wa mtaani. Wahandisi wa halmashauri, wakurugenzi, maofisa manunuzi, wakuu wa shule, wenye kampuni za ujenzi: katika orodha hiyo wamo watu wa Tabora wasiokosekana. Katika utumishi wangu nimesoma makubaliano mengi ya kazi za namna hiyo. Hutaja saruji, bati, bei ya ufundi na tarehe ya kumaliza. Mwanagenzi sijapata kumkuta ametajwa. Kila jengo lingeweza kuwa karakana ya vijana wawili na ya mwalimu mmoja, na lilijengwa likaisha bila hilo.

Kandarasi hatakosa hoja. Atasema mwanagenzi huchelewesha kazi, huharibu vifaa, na akishaiva huhamia kwa mwingine anayelipa zaidi. Hoja hizo zina uzito, na ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa hisani ya mtu mmoja mmoja. Linapaswa kuandikwa ndani ya mkataba na kuwekewa bei tangu mwanzo, ili kandarasi mwema asishindwe zabuni na yule asiyefundisha mtu. Mwanagenzi mwenye daftari la kazi linalotiwa saini na msimamizi, na mwenye mwalimu anayekuja kumkagua, huacha kuwa mzigo mapema. Mwaka wa pili anakuwa mkono wa kutegemewa.

Kwa hiyo naleta mbele ya umoja wetu mambo matatu. Kwanza, kila mmoja wetu mwenye mamlaka juu ya kazi ya ujenzi, ya umma au ya binafsi, aingize nafasi za wanagenzi katika mapatano yake, wawili tu wakitosha kwa kuanzia. Pili, wenye kampuni wawapokee walimu wa ufundi wakati wa likizo, wafanye kazi kwa wiki chache wakivaa buti na kofia ngumu kama watu wengine, kisha warudi darasani na vumbi lao. Tatu, tuwatafute mafundi hodari wa mitaa yetu, tuwasaidie kurasimisha ujuzi, na wale wenye kipaji cha kufundisha tuwalipie njia ya kwenda Morogoro. Mzee aliyejenga nyumba mia moja ni hazina ya ualimu, na kila mwaka tunawazika wazee wa namna hiyo pamoja na ujuzi wao.

Reli ya mwaka 1912 iliwaacha babu zetu na sururu, kwa kuwa hawakuwa na wa kuwafundisha wala wa kuwasemea. Sisi tunao uwezo wa kusema, na shule yetu ilitufundisha kusema vizuri mno. Wajukuu wa wapagazi wako kando ya tuta jipya sasa hivi, wakisubiri kuitwa vibarua. Tukae nao, tuwape walimu, ili watakapoitwa waitwe mafundi.